Mashine haijakusoma akili, imekukisia tu: haki yako ukikataliwa na programu

Malalamiko yameongezeka, ndio maana naandika hii badala ya kuendelea kumjibu mtu mmoja mmoja pale kaunta ya ofisi yetu, ya Kamishna wa Data hapa Kenya. Mtu anafika, anaweka simu mezani, anakuonyesha meseji: "Samahani, hujafuzu kupata mkopo kwa sasa." Basi. Hakuna sababu, hakuna namba, hakuna jina la aliyeamua. Halafu anaanza kutueleza sababu yeye mwenyewe, ati apu ilimsikia akiambia rafiki yake biashara ni mbaya, ati AI imesoma akili yake ikajua hana mpango wa kulipa. Wengine wanatuomba tuongee na mashine iwasamehe. Jamani.

Kuiga akili ya binadamu kwa kompyuta ni sayansi ya kweli na si ya juzi. Mwaka wa 1956 watafiti Allen Newell, Herbert Simon na Cliff Shaw tayari walikuwa na programu inayothibitisha kanuni za mantiki kwa kufuata hatua kama za mtu anayewaza. Simon ndiye huyo aliyekuja kupata Nobel ya uchumi 1978, na kitu alichokisisitiza maisha yake yote ni kwamba mtu hapimi kila kitu kabla ya kuamua, hana muda wala habari za kutosha, kwa hivyo anashika la kwanza linalotosha na maisha yanaendelea. Baadaye John Anderson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon akaja na ACT-R, modeli ya kompyuta ya jinsi mtu anavyowaza, hiyo inaiga hadi kumbukumbu: kitu unachokitumia mara kwa mara na ulichokitumia juzi kinakuja haraka, cha zamani kinafifia, na kufifia kwenyewe kuna fomula. Hawa watu wanalinganisha modeli yao na mtu halisi aliyekaa mbele ya skrini, amechukua milisekunde ngapi kujibu, amekosea wapi. Kama modeli haikosei pale binadamu anapokosea, wanasema bado.

Programu ya mkopo haina haja na hayo yote. Haijui kwa nini ulichelewa kulipa mwezi wa tatu, kama ni mtoto alilazwa ama ni uzembe. Inaangalia alama ulizoacha, unalipa lini, pesa inaingia mara ngapi, lain yako ina umri gani, inatafuta watu wa zamani waliokuwa na alama kama zako, inatoa namba. Tuseme imekupa 0.31 na kampuni imeweka mpaka kwa 0.30. Umekataliwa. Lakini soma hiyo namba polepole: inasema kwa kila watu 100 wanaofanana na wewe, 31 hawakulipa. Maanake 69 walilipa! Wewe pengine uko kwa hao 69, na programu haina njia yoyote ya kujua, na haijasema wewe ni mwizi, kuna mtu tu ofisini aliamua mpaka ukae 0.30 na sio 0.35. Huyo mtu yupo, ana dawati, analipwa mshahara. Hiyo ndiyo sehemu wananchi wanasahau wakisema "ni sistimu", na nitakuwa mkweli, kuna kampuni zinafurahia sana ukisema hivyo.

Sasa kuna ule ujanja wa kuzungusha pesa. Una lain mbili, unatuma elfu mbili kutoka hii kwenda ile, unarudisha, unatuma tena, ukiamini limiti ya mkopo itapanda kwa sababu jirani alifanya ikapanda. Inaweza kuwa ilipanda kweli, siwezi kukataa. Shida ni kwamba hauko peke yako kwa huu mchezo. Mwaka wa 1994 mwanauchumi Brian Arthur aliandika kuhusu baa moja mjini Santa Fe huko Marekani inaitwa El Farol: watu 100 wanataka kwenda, ikipita 60 kunabanana na raha inaisha, kila mtu anakisia wengine watafanya nini kulingana na wiki zilizopita. Hakuna kisio linaloweza kuwa sawa kwa wote, kwa sababu wote wakiamini baa itakuwa tupu, wote wanaenda inajaa. Alipoiendesha kwa kompyuta na kumpa kila mmoja mbinu zake za kukisia, wahudhuriaji walizunguka karibu na 60 lakini hawakutulia, kila wiki namba ingine. Ndio hivyo na limiti. Watu wakijua kuzungusha pesa kunapandisha, wanazungusha, wale wasiolipa pia wanazungusha, modeli ikifunzwa upya inaona kuzungusha hakuna maana tena ama hata ni dalili mbaya, na wewe uliyelipa ada za kutuma umebaki na meseji zako za kuthibitisha.

Na si watu tu wanaokisiana, programu nazo zinasomana. Kampuni ya kwanza inapeleka jina lako CRB, kule kunakowekwa rekodi za wakopaji, programu ya kampuni ya pili inaliona huko inakata limiti, ulikuwa unategemea hiyo limiti kununua stoki, unachelewa na ya tatu, ya tatu nayo inaripoti. Ukiuliza nani aliamua kukufungia, kila mmoja anasema kweli kabisa kwamba si yeye.

Kitu kingine, chatboti. Mwaka wa 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT huko Marekani alichapisha ELIZA, programu ya kuzungumza ambayo haikuwa inaelewa kitu, ilikuwa inachukua maneno yako na kukurudishia kama swali. Sekretari wake, aliyemwona akiitengeneza, alipoanza kuongea nayo akamwomba atoke chumbani. Chatboti za leo zina uwezo mkubwa kuliko ELIZA, mbali sana, lakini tabia yetu sisi ni ile ile, mtu anaandikia dawati la msaada la apu habari za ndoa yake na ugonjwa wake akidhani anaongea na dada mwenye huruma, kumbe inaingia kwa rekodi. Usiandike huko kitu usichotaka kiwekwe kwa faili yako.

Tuje kwa sheria. Wengi wanatuambia "tunangoja sheria ya AI" kwa sababu walisikia ule Mkakati wa Taifa wa AI wa 2025 hadi 2030. Mkakati si sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya iko tangu Novemba 2019, na kifungu cha 35 kinasema una haki ya kutowekwa chini ya uamuzi uliofanywa na mashine peke yake kama uamuzi huo unakugusa kisheria ama kwa uzito. Kuna milango mitatu ambayo kampuni hutumia: uamuzi ni wa lazima kwa mkataba wenu, umeruhusiwa na sheria, ama ulikubali mwenyewe (ile tiki uliyoweka bila kusoma, ndio). Siwezi kusema kila apu imevunja sheria, kila kesi inaangaliwa peke yake na zingine ziko mezani. Lakini kampuni ikiamua kwa mashine peke yake inatakiwa ikujulishe kwa maandishi, na wewe unaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya ama ufanywe mwingine usiotegemea mashine tu, nao wanatakiwa wakuandikie walichofanya na matokeo. Kanuni za sheria hiyo za 2021 zinawataka pia wakueleze kwa maana mantiki ya uamuzi wenyewe. "Ni sera ya kampuni" si maelezo.

Tafadhali sana: haki ya kuangaliwa na mtu SI haki ya kupewa mkopo. Mtu anaweza kukuangalia vizuri, hata mkanywa chai pamoja, bado akasema hapana. Tumechoka kupigiwa kelele kwa hili.

Utaratibu ni hivi. Andikia kampuni kwanza, imeli inatosha, taja jina lako, namba ya simu iliyosajiliwa, tarehe ya kukataliwa, useme unaomba uamuzi upitiwe na binadamu na unaomba nakala ya data waliyo nayo kukuhusu. Nakala hiyo ni bure na wana siku 7. Ukikuta kosa, kwa mfano deni ulilomaliza linaonyesha bado, omba lisahihishwe, hapo wana siku 14. Wakinyamaza, leta malalamiko kwa Kamishna wa Data. Hakuna ada, na ukiona mtu anauza fomu nje mwambie hapana. Kampuni inapewa siku 21 kujibu, na malalamiko yote yanatakiwa kumalizika ndani ya siku 90, kwa hivyo usitupigie siku ya nne.

Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Anayepuuza notisi ya utekelezaji (amri ya Kamishna ya kurekebisha kosa) bila sababu, milioni 5 ama jela miaka 2 ama zote mbili. Makosa yasiyo na adhabu yake maalum, milioni 3 ama miaka 10 ama zote. Na kupigia watu walio kwa kontakti zako kwa sababu umechelewa kulipa, hiyo kanuni za Benki Kuu za 2022 zilishakataza, ilete pia.

Usifute ile meseji. Skrinshoti ioneshe namba iliyotuma na tarehe, si lile neno "samahani" peke yake. Asiyejua kuandika aje aongee, malalamiko ya mdomo tunayaandika sisi, na unaweza kuyaleta kwa niaba ya mzazi wako. Bila jina pia tunapokea, ila kwa kesi ya mkopo kampuni itatuuliza tunazungumzia mteja gani, na hapo hatutakuwa na la kuwajibu.