Matatizo ya ulaji ni nini, na nani kasema ni ya wazungu?

Ukisema matatizo ya ulaji wengi wanawaza mtoto anayekataa uji. Hapa naongelea ugonjwa wa akili kabisa, akili yote ya mtu imehamia kwenye chakula, kilo na shepu. Kuna anoreksia, anajinyima mpaka anabaki mifupa na kwenye kioo bado anajiona bonge. Kuna bulimia, anafakamia halafu anajitapisha au anameza dawa za kuharisha. Na kuna wa kufakamia tu bila kutapika, kashiba zamani ila hawezi kuacha, baadae anajichukia.

Sasa utasikia "hayo ya wazungu, sisi tunapenda wanene". Sawa, hapa Dodoma ukikonda unaulizwa unaumwa nini, ukinenepa wanakwambia ndoa imekukubali. Ila siku hizi kinachotakiwa ni figa namba nane bana, tumbo hamna, kiuno chembamba, halafu hipsi na makalio ya kutosha, kwa hiyo mdada wa hosteli pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anaruka milo ili tumbo liingie na huyohuyo anaulizia vidonge vya kuongeza nyuma. Mwili mmoja, oda mbili zinazogombana!

Na kupenda wanene siyo kinga. Fiji, kule visiwa vya Pasifiki, nako mwili mkubwa ulikuwa ndo sifa. TV ikaingia mkoa wa Nadroga 1995, mtafiti Anne Becker akawahoji mabinti wa shule, mwanzoni hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue, 1998 wakawa asilimia 11.3. TV tu hiyo, TikTok bado kabisa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mweusi akiumwa haonekani. Kuna utafiti wa Marekani wa 2006, wataalamu walipewa maelezo yaleyale ya msichana, akiandikwa mzungu asilimia 44 waliona ana tatizo la ulaji, akiandikwa mweusi asilimia 17 tu.

Halafu mwenye bulimia mara nyingi ana uzito wa kawaida, kwa macho humjui. Angalia kama kila akimaliza kula anakimbilia chooni, mashavu yamevimba, meno yanaisha. Kutapika kila mara kunashusha madini ya potasiamu mwilini na hapo moyo unaweza kugoma ghafla. Najua ukitaja Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, watu wanacheka eti kwa vichaa, lakini wataalamu wa afya ya akili ndo wako pale, na ukiona aibu anzia hospitali yoyote ya rufaa, useme wazi kwamba unajitapisha, maana usiposema watakutibu vidonda vya tumbo.