ISO 100 sio sheria jamani
Wadau mnaoanza kamera, kuna imani imeenea sana eti ISO (namba ya kamera inayopandisha mwangaza wa picha) ikipanda tu picha imeharibika kwahiyo ukae 100 muda wote. Si kweli. Nenda soko la samaki la Feri pale Kivukoni, Dar, jua likishazama, lenzi umeifungua mpaka f/1.8 (tundu kubwa, mwanga mwingi unaingia) na kwa ISO 100 kamera bado inataka shata (muda wa kupokea mwanga) ya sekunde 1/10, hapo mvuvi akigeuka tu uso wote ukungu, ila pandisha 3200 unapata 1/320 kwa mwangaza uleule na mpaka magamba ya samaki mkononi mwake yanaonekana. Chengachenga (zile nukta nukta kwenye picha) zitakuwepo ndio, unazipunguza baadaye kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika hairekebishiki kirahisi. Na ukiipiga giza makusudi ili ISO ibaki chini, ukija kuing'arisha chengachenga zinatoka vilevile, mara nyingi mbaya zaidi.