Je, wajua filamu hutuvusha vipi kuingia ndotoni bila kutuambia?

Mwangalie mtoto anapotazama filamu ya maajabu. Hakuna maandishi yanayomwambia "sasa tumeingia ndotoni", wala hakuna msimulizi, lakini yeye ameshajua. Kajuaje?

Kafundishwa, ila hakuhisi kama anafundishwa. Dakika za mwanzo za filamu huyazoesha macho dunia ya kawaida ilivyo: rangi zake, mwanga wake, umbo la kuta zake. Kimoja kikibadilika ghafla, macho yanashtuka kabla akili haijauliza swali.

Filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939 ndiyo hutajwa kila mara, na inastahili. Kwao Dorothy, binti ambaye ndiye mhusika mkuu, jimboni Kansas nchini Marekani, kila kitu ni kahawia iliyofifia kama picha ya zamani. Kimbunga kinainyanyua nyumba na kuibwaga mbali. Dorothy anafungua mlango, na huko nje rangi zimefurika. Picha haikatwi hata kidogo.

Waliwezaje, na kompyuta za kubadili rangi hazikuwepo? Kazi ilifanywa na mafundi rangi na mafundi cherehani. Tukio lote la mlangoni lilipigwa kwa kamera ya rangi, ila ndani ya nyumba palipakwa kahawia tupu. Anayefungua mlango ametupa mgongo, amevaa gauni la kahawia, na si Judy Garland, mwigizaji wa Dorothy! Ni mwenzake aliyesimama badala yake. Anasogea pembeni, hatumwoni tena, kisha Garland mwenyewe anajitokeza na gauni lake la buluu na jeupe, anatoka nje. Ukishaambiwa unaliona wazi, na bado linakudanganya.

Basi rangi kali ndiyo alama ya ndoto? Hapana. Mwaka 1946 watengenezaji filamu Michael Powell, Mwingereza, na Emeric Pressburger, mzaliwa wa Hungaria, waligeuza mambo katika A Matter of Life and Death: duniani kuna rangi, mbinguni hakuna. Mjumbe wa mbinguni anapotua kwenye bustani ya maua analalamika kwamba huko juu wana kiu ya Technicolor, yaani mfumo wa filamu za rangi wa enzi hizo. Watazamaji hawakupotea njia, kwa sababu kinachotuongoza ni tofauti kati ya pande mbili. Upande upi upewe rangi ni hiari ya mtengenezaji.

Na tofauti hiyo si lazima iwe ya rangi peke yake. Katika Pan's Labyrinth ya mwaka 2006, mwongozaji Guillermo del Toro anatupeleka Hispania ya 1944, chini ya utawala wa dikteta Franco. Kambi ya Kapteni Vidal, baba wa kambo wa binti Ofelia, imejaa mistari iliyonyooka na mwanga wa kibuluu wa baridi. Dunia ya maajabu anayoiendea Ofelia ina mviringo, wekundu na dhahabu, joto kama la tumboni mwa mama. Unaweza kuzima sauti na bado ukajua uko upande gani.

Lakini ninachokipenda zaidi ni kwamba del Toro, akishaujenga mpaka huo, anauacha uvuje. Ofelia anachora mlango ukutani kwa chaki, unafunguka. Baadaye Vidal anaiona chaki ileile mezani kwake, kitu halisi kabisa. Halafu usiku, ndani ya mzingile, yaani kuta za njia zinazopindapinda, Ofelia anasema na Fauno, yule kiumbe mwenye pembe. Sisi tunamwona Fauno amesimama pale pale. Kamera inahamia kwa Vidal anayewafikia kutoka nyuma, na kwa macho yake binti anaongea na hewa.

Mahali ni palepale, mwanga ni uleule, na watazamaji wanabishana mpaka leo ni jicho la nani lililoona kweli.