Afrika haikatiki kesho: tunayodanganyana kuhusu volkano, miamba na Bonde la Ufa

Kila ardhi ikipasuka au mlima ukitoa moshi huku kwetu simu zinajaa. Voice note za watu wasiojulikana, video za nchi nyingine kabisa, na ndani ya masaa mawili uongo umeshafika mpaka kwa bibi kijijini. Hili jambo linaniuma, kwa sababu watu wanaishia kuogopa vitu ambavyo havitawakuta wao wala vitukuu vyao, alafu kile kinachoua kweli hakuna anayekiongelea. Nimekusanya hapa zile hadithi ninazokutana nazo sana.

"Afrika inakatika vipande viwili, si mliona ule ufa wa Kenya?"

Hii ndo kubwa kuliko zote. Machi 2018 mvua kubwa ilipiga maeneo ya Mai Mahiu na Suswa, ardhi ikafunguka likatokea korongo la kilomita kadhaa, sehemu zingine kina kinapita mita 10, likakata barabara ya kwenda Narok magari yakasimama pande zote mbili, na picha zikazunguka dunia nzima na maneno kwamba bara linagawanyika sasa hivi tukiwa tunaangalia. Hebu zitafute zile picha uangalie kuta za lile korongo. Ni udongo laini wa kahawia na kijivu, tabaka juu ya tabaka, mwamba hauuoni. Hayo ni majivu ya volkano za zamani, Suswa na Longonot zipo hapo hapo, na maji ya mvua yakishapata njia ya chini kwa chini yanayabeba majivu kidogo kidogo mpaka juu kunabaki tabaka jembamba lisilo na kitu chini yake, siku mvua ikizidi linaporomoka lote. Wanajiolojia walibishana kama huko chini kuna mpasuko wa zamani wa mwamba unaoyaelekeza hayo maji, lakini kilichofungua shimo siku zile ni maji.

Sasa bara linagawanyika au haligawanyiki? Linagawanyika, na ndo maana uongo huu unaaminika kirahisi, umebebwa na kaukweli ndani yake. Ganda la dunia limegawanyika vipande vikubwa vinavyoitwa mabamba. Bamba la Somalia, lile la mashariki, linaachana na bamba la Nubia lenye sehemu kubwa ya Afrika, kwa mwendo wa milimita chache tu kwa mwaka, huko Ethiopia kama 6 hivi na ukishuka Kenya na Tanzania inazidi kupungua. Piga hesabu mwenyewe. Hata tukisema milimita 5, miaka 1,000 inakupa mita 5 na miaka milioni moja inakupa kilomita 5. Kuja kupata bahari hapo ni kazi ya mamilioni ya miaka.

Ila hizo milimita ni wastani, ardhi haitembei sawa sawa kila siku, inaweza kukaa kimya miaka na miaka alafu ikasogea kwa mkupuo. Septemba 2005 jangwani Afar, Ethiopia, magma, yani mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza chini ya ardhi kwa urefu wa kama kilomita 60 na ndani ya wiki chache tu sehemu zingine zikaachana mpaka karibu mita 8. Na sisi tulipata yetu, Julai 2007 matetemeko yalianza upande wa Ziwa Natron karibu na mlima Gelai, Arusha ikatikisika, Nairobi watu wakashuka mbio kwenye maghorofa, na Septemba mwaka huo huo Ol Doinyo Lengai ukaanza kulipuka. Bonde la Ufa kutanuka ni mambo ya namna hiyo, na korongo la mvua halimo.

"Chini yetu ni bahari ya moto, tunaelea juu yake"

Hapana. Hii hata vitabu vya shule vimechangia, vile vinavyochora dunia ikiwa na rangi nyekundu tupu ndani kama vile ukichimba sana utaikuta lava inachemka. Chini ya mabara ganda la dunia lina unene wa kama kilomita 30 mpaka 40, chini ya bahari ni kama 7 tu, alafu chini ya ganda kuna tabaka nene linaloshuka mpaka karibu kilomita 2,900. Tabaka hilo ni mwamba mgumu. Ni la moto kweli kweli lakini limekandamizwa na uzito wa juu yake kiasi kwamba haliwezi kuyeyuka, na bado linatembea, pole pole mno, kama lami ya barabarani inavyovimba na kuhama penye malori mengi bila kuwa maji. Tumejuaje? Kwa matetemeko. Kuna mawimbi ya tetemeko, yale yanaitwa S, hayapiti kabisa kwenye kimiminika, na haya yanapita vizuri tu kwenye tabaka hilo, yanakwama yakifika kwenye kiini cha nje ambacho ndo kimiminika.

Magma inatoka wapi basi? Pale mabamba yanapoachana ganda linakuwa jembamba, mwamba wa chini unapanda, ukipanda mgandamizo unapungua, na mwamba ule ule ambao ulikuwa mgumu unaanza kuyeyuka sehemu kidogo bila hata kuongezewa joto. Ndo maana volkano zetu zimejipanga kufuata Bonde la Ufa. Ingekuwa ni bahari ya moto chini ya kila mtu basi Tabora na Singida nazo zingekuwa zinatema lava kila kukicha.

"Hanang ililipuka"

Hii naomba tuelewane vizuri maana watu walikufa. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe makubwa na magogo vilishuka kutoka mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi, nyumba zikajaa tope, zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Kabla hata miili haijamaliza kutafutwa ikawa imeshaenea kwamba volkano imelipuka. Wataalamu wa serikali walienda, hawakukuta dalili ya mlipuko wala tetemeko. Sehemu ya mlima yenye mwamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikalemewa, ikameguka, ikageuka tope, likafuata mkondo wa mto likibeba kila kilichokuwepo njiani.

Lakini usiseme volkano haihusiki kabisa. Hanang ni volkano ya zamani, na milima ya namna hii imejengwa kwa majivu na mawe ya milipuko yaliyolaliana, mengine yameshikana vizuri mengine hovyo, na mvuke na maji ya moto ya ndani yakishapita humo miaka mingi yanaugeuza mwamba kuwa kama udongo wa mfinyanzi. Kwahiyo mlima unaweza kuwa umelala usingizi wa kudumu na bado ukakushukia. Mlima Meru maelfu ya miaka iliyopita upande wake mzima wa mashariki uliporomoka, ukiusogelea kutokea Momela unaona kabisa kilele kimekaa kama kwato, kimekatwa upande mmoja, na maziwa ya Momela yenyewe yamekaa kwenye kifusi cha lile poromoko. Anayejenga kwenye mkondo wa maji chini ya mlima kama huo asiulize tu volkano iko hai au imekufa. Aulize tope lilipita wapi mara ya mwisho, mawe makubwa yaliyolala shambani yalifikaje pale.

"Kilimanjaro imekufa" na mwenzake "Kilimanjaro italipuka wakati wowote"

Zote mbili hapana. Kilimanjaro ni volkano tatu zilizounganika, Shira, Mawenzi na Kibo. Shira na Mawenzi zimekwisha. Kibo imelala tu, lava yake ya mwisho ya maana ilitoka zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, lakini ndani ya kreta ya Reusch, lile shimo la kileleni huko juu, mpaka leo kuna matundu yanayotoa gesi na harufu ya kiberiti unaisikia. Na barafu kuisha sio kwamba mlima unapata moto chini. Kati ya 1912 na 2011 barafu ya Kibo ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80, na inaliwa kutokea juu na pembeni, kwa jua na kwa hewa kavu isiyoleta theluji mpya, ingekuwa joto la volkano ingeyeyuka kutokea chini.

"Lava ni lava, zote zinafanana"

Hapa lazima niongee kuhusu Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kama Wamaasai walivyouita, maana hauna mwenzake hai duniani. Lava ya kawaida, tuseme ya Nyiragongo huko Kongo au ya Hawaii, imejengwa kwa silika, madini ya kwenye mchanga, na inatoka ikiwa na nyuzi zaidi ya 1,000. Ya Lengai inatoka na nyuzi 500 mpaka 600 tu, na imejaa sodiamu na kaboneti, yani ni ndugu wa damu wa magadi yale yale ya Ziwa Natron. Mchana haiwaki wekundu, unaona kitu cheusi au cha kahawia kinatiririka chepesi kama maji machafu ya mto, mtu asiyejua anaweza akadhani ni tope. Ikishapoa ikakutana na unyevu wa hewa, ndani ya siku au hata masaa inaanza kugeuka nyeupe, na ndo maana ukiuona mlima kwa mbali kileleni kuna weupe ambao watalii wengi wanadhani ni theluji. Huu mlima mmoja unatosha kuonyesha kwamba volkano haina tabia moja.

"Ngorongoro lilichimbwa na kimondo"

Kimondo tunacho, kiko Mbozi mkoani Songwe, karibu chuma kitupu, cha kama tani 16, na hakina hata shimo lake karibu. Ukitaka shimo halisi la kimondo Afrika nenda Ziwa Bosumtwi, Ghana. Ngorongoro ulikuwa mlima wa volkano, wapo wanaokadiria ulikaribia urefu wa Kilimanjaro, na zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita magma ya chini ilipotoka ikaacha nafasi tupu, kilele kikakosa kitu cha kukaa juu yake, kikadidimia. Kuta za mita 600 na uwanda wa karibu kilomita za mraba 260 ambao leo simba na faru wanatembea, huo ndo mlima ulioingia ndani.

"Maziwa yote makubwa yapo kwenye ufa"

Tanganyika ndio, na kina chake cha mita 1,470 hivi kinasema chenyewe, sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari karibu mita 700. Victoria hapana. Victoria limekaa katikati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, mashariki na magharibi, kina chake hakizidi sana mita 80, na lipo kwa sababu ardhi ya magharibi iliinuka, mito iliyokuwa inaelekea huko ikakosa pa kupita, maji yakarudi nyuma yakajaa kwenye bakuli la katikati. Miaka kama 15,000 iliyopita lilikauka likajaa tena. Wavuvi wa Kigoma na wa Mwanza wana maji ya asili tofauti kabisa.

Na tukiwa Mwanza, yale mawe. Wapo wanaoamini mawe yanakua, na wana sababu, maana mtu anakwambia hili jiwe nilipokuwa mdogo lilikuwa fupi. Anachokiona ni kweli ila maelezo ndo siyo. Ile ni granaiti iliyoganda chini sana ardhini zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, ikapasuka pasuka, maji yakaozesha kwenye nyufa, na mvua zinaendelea kuondoa udongo uliooza. Jiwe liko vile vile, udongo ndo umeshuka.

"Almasi ni makaa ya mawe yaliyokandamizwa"

Fupi tu hii. Almasi za Mwadui zilipanda na kimbalaiti, magma iliyotoka kina cha zaidi ya kilomita 150. Makaa ya mawe yanatokana na mimea iliyofukiwa karibu karibu na juu, na almasi nyingi zina umri mkubwa kuliko mimea yote ya nchi kavu.

"Wataalamu wanajua tarehe ya tetemeko, wanaficha"

Hakuna anayejua. Bukoba tarehe 10 Septemba 2016 lilipiga la ukubwa wa 5.9 na hakukuwa na mtu yeyote duniani mwenye saa wala siku yake. Meseji inayokwambia leo saa nne usiku zima simu kuna tetemeko, ifute. Volkano ni tofauti kidogo, inaweza kutoa dalili, matetemeko madogo madogo, mlima kuvimba, gesi kubadilika, ila nayo sio kila mara. Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021 ilipasuka jioni bila onyo la maana, lava ikashuka mpaka pembezoni mwa Goma.

"Nikikaa mbali na lava niko salama"

Ndugu zetu wa Goma wanajua kinachoitwa mazuku, na wengine wote wanaoishi au kutembea karibu na volkano wangepaswa kukijua. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini hata mlima ukiwa kimya kabisa, haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa kwahiyo inatuama mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri kukiwa hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa na kichwa juu yake wakati mtoto aliye pembeni yake ameshazama ndani. Ukikuta ndege au mijusi wamekufa kwenye kijibonde bila sababu, au mbuzi kaanguka humo, usishuke kumtoa, maana wapo wanaokufa na mazuku kwa kumfuata mnyama au mwenzao. Baki juu, zuia watoto, ita watu, na kama ni lazima atolewe basi mvuteni kwa kamba mkiwa huko huko juu.