Mafuta ya Taa Hayasafishi Nozeli

Jumanne imeingia gereji pikapu ya dizeli ikivutwa kwa kamba kutoka Kibaha. Haiwaki. Kabla sijafungua boneti, mwenye gari akaniambia: "Fundi, nozeli hazina shida, nimeshaimwagia tangini lita tano za mafuta ya taa kuzisafisha."

Hiyo ni mara ya nne mwaka huu naisikia sentensi hiyohiyo, na kila anayeisema kaambiwa na fundi mwenzangu. Kazi ya pampu za dizeli na nozeli, yaani vile vichwa vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda, naifanya mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimechoka kumweleza mmoja mmoja, naandika mara moja kwa wote.

Nilifungua filta, nikaikata kwa msumeno, nikaitandaza karatasi yake juani. Ikametameta kama samaki aliyetoka kuvuliwa. Ule ni unga wa chuma. Umesagika ndani ya pampu, umerudi tangini kwa mpira wa ritani, ule unaorudisha dizeli iliyobaki, kisha umevutwa tena hadi kwenye filta. Gari likifika hapo hakuna cha kusafisha. Ni kushusha tangi, kuosha mabomba yote, kupima nozeli zote nne kwenye benchi la kupimia na kutafuta pampu nyingine.

Imani hii najua ilikozaliwa. Gereji zote tunaosha vyuma kwa mafuta ya taa, na grisi inatoka vizuri kabisa. Lakini uchafu wa kwenye ncha ya nozeli si grisi. Ni masizi yaliyookwa na moto wa silinda yakagandana na chuma, na mafuta ya taa hayayang'oi. Nimewahi kuloweka nozeli humo usiku kucha na asubuhi nikakuta masizi yako palepale.

Tuseme haraka kuhusu mafuta yenyewe. Petroli inangoja cheche ya plagi. Dizeli haingoji cheche: injini inabana hewa mpaka joto linapita nyuzi 500, dizeli inapulizwa humo na inajiwakia. Kwa hiyo petroli nzuri ni ile inayokataa kujiwakia, ndiyo oktani, na dizeli nzuri ni ile inayowahi kujiwakia, ndiyo setani. Mafuta ya taa ni jamii moja na mafuta ya ndege, mepesi kuliko dizeli.

Sasa hapa naomba mtulie. Watu wanaichukulia dizeli kama chakula cha injini tu. Dizeli ni chakula na ni oili pia. Pampu za zamani za mstari zilikuwa na oili yake, zikivumilia mengi. Pampu za kuzunguka, na hizi za kisasa za komoni reli, zinazolisha nozeli zote kwa bomba moja la presha, hazina oili nyingine ndani: kinacholainisha vyuma ni dizeli inayopita. Nafasi kati ya pistoni ya pampu na silinda yake ni mikroni (elfu za milimita) chache tu, wakati unywele wa kichwani ni kama mikroni 70. Na hapo, kwenye komoni reli, ndipo presha inapanda kupita bar 1,600. Tairi lako lina bar 2 na kidogo. Kwenye nafasi hiyo ndiyo mnamwaga kitu kinachokausha vidole.

Wengine wananijibu: "Fundi, tatizo ni uzito tu, nikiongeza oili kidogo inakaa sawa." Hapana! Uzito na utelezi ni vitu viwili. Mafuta yanaweza kuwa mazito na bado yakaacha chuma kisagane. Utelezi hupimwa maabara kwa kijipira cha chuma kinachosuguliwa juu ya bati ndani ya mafuta yenye joto la nyuzi 60, kwa dakika 75, kisha kovu la kwenye kijipira linapimwa. Kiwango cha Ulaya hakiruhusu kovu lipite mikroni 460. Nchi za Afrika Mashariki ziliposhusha salfa ya dizeli hadi ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni) mwaka 2015, watu walisema salfa ndiyo ilikuwa inalainisha. Si salfa. Ule usafishaji unaoondoa salfa unaondoa na chembe nyingine zenye utelezi, ndiyo maana dizeli hutiwa dawa ya kuurudisha. Ukimwaga mafuta ya taa unaizimua dawa hiyo.

Kuna hoja za upande wa pili na nazikubali. Nchi za baridi wanachanganya mafuta ya taa ili dizeli isigande, na jeshi la Marekani linaendesha magari ya dizeli kwa JP-8, ambayo ni mafuta ya jamii hiyo. Lakini JP-8 ina dawa ya utelezi ndani yake, na Dar es Salaam dizeli haigandi. Mteja akisema gari kuukuu lilipunguza moshi baada ya kumwagiwa, hasemi uongo, nimeliona kwa macho. Na pikapu ya Jumanne nilikuta maji chini ya tangi. Maji nayo yanaua pampu, na unga wa chuma unafanana. Ukiniapisha kwamba ni mafuta ya taa peke yake, siapi.

Linaloniuma zaidi ni hili. Uchakachuaji umepigwa vita miaka mingi: Tanzania iliweka vinasaba, alama za siri za kugundua mchanganyiko, kwenye mafuta kuanzia 2010, ikapandisha kodi ya mafuta ya taa 2011, Kenya nayo ikaiwekea mafuta hayo tozo ya shilingi 18 kwa kila lita mwaka 2018. Yote ili mtu wa sheli asikuchanganyie. Halafu unajichanganyia mwenyewe, nyumbani, kwa kidumu chako.

Nozeli ikianza kumisi, ilete ipimwe kwenye benchi. Badilisha filta kwa wakati, fungua koki ya chini yake utoe maji. Na kama umeshamwaga, usiguse switchi: kwenye magari mengi pampu ya tangini inaanza kusukuma pale tu unapowasha taa za dashibodi. Piga simu, tushushe tangi kwanza.