Je, wajua kwa nini Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, huisoma kibodi kama faili?

Kwenye kompyuta kubwa za miaka ya 1960, kuhifadhi data kulikuwa na masharti mengi. Katika OS/360, mfumo endeshi wa IBM, ilibidi ielezwe mapema rekodi zina urefu gani, zimepangwaje, na ngapi zinakaa pamoja. Mazoea hayo yalirithiwa kutoka kwenye kadi za kutoboa, karatasi zilizohifadhi data kwa matundu, zenye safu 80 kila moja.

Mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, walianza kuunda Unix kwenye PDP-7, mashine ndogo hata kwa wakati ule. Wao wakaamua kwamba faili ni mfululizo wa baiti (vipande vidogo vya data), basi. Ndani mna barua au mishahara? Mfumo hauulizi, hiyo ni kazi ya programu inayosoma. Vifaa kama kibodi navyo vikapewa majina ndani ya folda ya /dev, vikatumiwa kwa amri zilezile za faili: fungua, soma, andika, funga.

Matunda yake yalionekana vizuri mwaka 1973, Thompson alipoongeza bomba, wazo ambalo Doug McIlroy, mwenzao wa Bell Labs, alikuwa amelipigia debe tangu 1964. Bomba huchukua kinachotoka kwenye programu moja na kukimimina kwenye nyingine. Programu ya kupanga mistari kwa alfabeti haina haja ya kujua kama mistari imetoka kwenye diski, kwa mtu anayechapa, au kwa programu iliyoandikwa jana na mtu asiyemfahamu. Wangeng'ang'ania aina kumi za faili, kila jozi ya programu ingehitaji mkalimani wake.

Gharama ipo. Baiti tupu hazisemi kasi ya modemu wala ukubwa wa skrini, kwa hiyo ikaongezwa amri ya pembeni, ioctl, ambayo imegeuka kapu la kila kitu. Hata hivyo, naona walichagua vyema: walichokiacha nje kiliweza kuongezwa baadaye, ilhali sharti likishaingia ndani ya maelfu ya programu, kuling'oa ni kazi ya miaka.

Linux, mfumo endeshi aliouanzisha Linus Torvalds mwaka 1991, ilifuata njia hiyohiyo, na Android imejengwa juu yake. Ukigusa skrini ya simu ya Android, mguso wako husomwa kutoka kwenye faili iliyo ndani ya /dev/input.