Je, wajua kwa nini mfalme anayetabiriwa na nabii Zekaria katika Biblia alipanda punda, si farasi?

Kwetu punda hana heshima. Shukrani yake ni mateke, na mtu aliyechoshwa na kazi hulalamika kwamba amefanywa punda. Ndiyo maana wengi wakifika Zekaria 9:9, pale mfalme wa Sayuni, yaani Yerusalemu, anapokuja mnyenyekevu juu ya punda, huona umaskini tu: kakosa farasi, kachukua kilichopo. Waebrania wa kale hawakulisikia hivyo hata kidogo.

Kwao punda alikuwa kipando cha wakubwa. Katika Waamuzi 10:4, Yairi, mmoja wa waamuzi (viongozi wa Israeli kabla ya wafalme), ana wana 30, wana-punda 30 wa kupanda, na miji 30. Abdoni (12:14) ana wana 40 na wajukuu 30, juu ya punda 70. Piga hesabu: kila kijana ana wake, hakuna wa kupakizana. Hiyo ni nyumba yenye mali na mamlaka. Hata nje ya Israeli, barua ya karne ya 18 KK iliyopatikana katika mji wa kale wa Mari, kando ya mto Frati, inamshauri mfalme Zimri-Lim aache farasi atumie nyumbu, ili alinde hadhi ya ufalme wake. (Nyumbu hapa ni baghala, mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti.)

Farasi ana habari nyingine. Katika maandiko haya ni nadra kumkuta akilima au akibeba gunia. Kazi yake hasa ni kuvuta gari la vita. Tena ni ghali: 1 Wafalme 10:29 inataja shekeli 150 za fedha kwa farasi mmoja kutoka Misri, na 600 kwa gari, yaani gari moja ni bei ya farasi wanne. Sulemani alikuwa na magari 1,400, ilhali Kumbukumbu la Torati 17:16 inamkataza mfalme kujiongezea farasi na kuwarudisha watu Misri kwa ajili yao. Absalomu alipoanza kuutamani ufalme wa baba yake alijiwekea nini kwanza? Gari, farasi, na watu 50 wa kupiga mbio mbele yake (2 Samweli 15:1). Msikilizaji aliijua dalili hiyo.

Kosa la kawaida ni kuishia mstari wa 9. Ufunguo uko wa 10: gari la vita litaondolewa Efraimu (Israeli ya kaskazini), farasi ataondolewa Yerusalemu, na upinde wa vita utavunjwa. Mfalme huyu amepanda punda kwa sababu anafuta jeshi. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa “mnyenyekevu” ni *ani*, ambalo hutumika pia kwa maskini na aliyeonewa, kwa hiyo unyonge haukosekani. Ila ni unyonge wa asiyetegemea silaha. Si wa aliyeishiwa nauli.

Heshima hiyo lakini haikumfanya punda awe mtakatifu. Hakufaa madhabahuni: Kutoka 13:13 inaagiza mzaliwa wa kwanza wa punda akombolewe kwa mwana-kondoo, na asipokombolewa avunjwe shingo.

Jambo la mwisho huwasumbua wengi: punda ni wangapi? Zekaria anataja *hamor*, punda dume, kisha *ayir*, dume changa, mwana wa *atonot*, punda majike. Ushairi wa Kiebrania husema jambo moja mara mbili, mara ya pili kwa kulibana zaidi, na “na” iliyo katikati hapa ina maana ya “yaani”. Biblia yetu ya Kiswahili imeitatua vizuri kwa neno moja: “amepanda punda, naam, mwana-punda”. Mnyama ni mmoja. Maneno *ayir* na *aton* yalikwisha kuonekana pamoja katika Mwanzo 49:11, Yakobo anapombariki Yuda, kabila la wafalme: hapo mwana-punda amefungwa kwenye mzabibu.